Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Usafiri Dar es Salaam: Ukaguzi wa Bodaboda Uanzie kwenye Mkataba

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), Kamanda wa Kikosi cha Usalama Barabarani, na wakurugenzi wa halmashauri zote za mkoa.

YAH: USALAMA WA WAENDESHAJI NA ABIRIA WA BODABODA

Waheshimiwa viongozi,

Nawaandikia nikiwa mkazi wa Temeke na abiria wa bodaboda wa miaka mingi, lakini sababu hasa ya barua hii ni kazi niliyowahi kuifanya. Nilipata kuwa mjumbe wa serikali ya mtaa, na kama mnavyofahamu, ofisi ya mtaa ni mahali ambapo mwenye pikipiki na kijana anayekabidhiwa pikipiki huja kuandikishana. Wanakuja na nakala mbili za makubaliano, picha ndogo, vitambulisho na mdhamini. Mwenyekiti anasoma, anauliza maswali mawili matatu, anagonga muhuri, na kila upande unaondoka na karatasi yake. Karatasi hizo nimezisoma nyingi. Naomba niwaeleze kilichomo, kwa kuwa naamini sehemu kubwa ya ajali tunazozilaumu pale Buguruni au Tazara huwa zimeshaanza kutengenezwa mezani, kabla kijana hajawasha injini, na kwamba mtu mmoja ambaye hatumwoni barabarani, yaani mwenye chombo, amesahauliwa katika operesheni nyingi za usalama tunazotangaziwa.

Makubaliano yenyewe ni mafupi. Yanataja namba ya usajili, ile inayoanza na herufi MC, namba ya injini na ya chesisi, majina na makazi, kisha yanafika kwenye hesabu, yaani fedha ambazo kijana humpelekea mwenye pikipiki. Kuna hesabu ya kawaida, ambapo pikipiki inabaki kuwa mali ya tajiri, kama tunavyomwita mwenye chombo, na kijana anapeleka kiasi fulani kila siku au kila wiki. Na kuna ile inayoitwa pikipiki ya mkataba, ambapo kiasi ni kikubwa zaidi, mara nyingi karibu shilingi 10,000 kwa siku, hadi muda uliopangwa utimie na chombo kiwe mali ya kijana. Kwa kiwango hicho, mwaka mmoja usio na siku ya mapumziko ni shilingi 3,650,000, na siku ya mapumziko kwa kawaida haimo. Mafuta ni juu ya kijana, matengenezo ni juu yake, faini ni juu yake. Akilazwa na malaria siku tatu, siku hizo zinaongezwa mwishoni au zinadaiwa papo hapo, kutegemea huruma ya tajiri. Akishindwa kupeleka hesabu kwa siku zilizotajwa, chombo kinarudi kwa mwenyewe, na katika nakala nyingi nilizoziona hapakuwa na neno lolote kuhusu fedha alizokwisha kulipa.

Sasa tazameni yasiyoandikwa. Hamna kifungu kinachomtaka tajiri aikague leseni ya udereva kabla ya kukabidhi ufunguo. Kofia ngumu haitajwi, iwe ya mwendeshaji au ya abiria. Saa za kazi hazitajwi. Bima inayotajwa, ikitajwa, ni ile ya lazima kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ambayo imewekwa kumlinda mtu wa tatu anayeumizwa na chombo. Mwendeshaji aliyevunjika paja haimfikii. Nani atalipa hospitali, hakuna anayeuliza. Kwa upande mwingine, kifungu cha pikipiki kuibiwa huwa kirefu na kimeandikwa kwa uangalifu mkubwa: kijana atalipa, na asipoweza, mdhamini atalipa. Chombo kimelindwa kwa maandishi na kwa muhuri wa serikali. Mtu anayekiendesha ameachiwa Mungu.

Matokeo yake mnaweza kuyapigia hesabu wenyewe. Safari fupi za mtaani, kutoka kituo cha daladala hadi majumbani, huenda kwa shilingi 1,000 au pungufu yake. Lita moja ya petroli katika miaka ya karibuni imekuwa ikicheza karibu na shilingi 3,000. Safari za asubuhi, wakati watu wanakimbilia kazini na biashara inachangamka, zinamalizikia kwenye mafuta na hesabu. Chakula cha nyumbani, kodi ya chumba na mahitaji ya watoto vinaanza kutafutwa baada ya hapo, yaani mchana ambapo abiria ni wachache, na usiku ambapo mitaa mingi haina taa. Kijana aliyetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri unamkuta bado yuko kijiweni saa nne usiku. Akizidiwa na usingizi hairudishi pikipiki nyumbani, kwa sababu pikipiki iliyolala haileti hesabu. Anamwachia deiwaka, yaani mwendeshaji wa kushikia kwa saa chache, ambaye hayumo kwenye mkataba, pengine hana leseni, na ambaye naye ana saa chache tu za kupata chake kabla hakujapambazuka. Mtu wa namna hiyo akichomekea mbele ya basi pale Mbagala Rangi Tatu, tunasema ni utovu wa nidhamu, na kweli upo. Tungetazama zaidi tungemwona pia mtu anayekimbizana na fedha ambazo tayari ni za mwingine.

Hapa ndipo ninapotatizwa na namna yetu ya kuadhibu. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 Serikali ilishusha faini ya papo kwa papo kwa makosa ya pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, na nia ilikuwa njema, kwa kuwa haikuwa haki mwenye pikipiki atozwe sawa na mwenye lori. Hata hivyo, kinachouma zaidi ni kuzuiliwa kwa chombo. Pikipiki ikilala kituo cha polisi siku nne, mkataba haulali. Hesabu ya siku nne inaendelea kudaiwa, na kijana anapoikomboa anaingia barabarani akiwa na deni la shilingi 40,000 juu ya faini, hali inayomlazimisha aongeze saa, aongeze mwendo, na akubali mshikaki, abiria wawili au watatu kwa safari moja. Tulimkamata kwa kuendesha kwa hatari, tukamwachia akiwa na sababu zaidi za kuendesha kwa hatari. Tajiri aliyemkabidhi pikipiki isiyo na kofia ya pili hakuulizwa chochote; yeye anasubiri hesabu yake. Na pale mgambo wanapomrukia mwendeshaji aliye kwenye mwendo ili wachomoe ufunguo, operesheni ya usalama ndiyo inayogeuka kuwa chanzo cha ajali. Hilo halihitaji hoja ndefu, likomeshwe tu.

Ombi langu kubwa, basi, ni kwamba makubaliano kati ya mwenye pikipiki na mwendeshaji yawe sehemu ya leseni ya usafirishaji. Tangu zilipotungwa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji mwaka 2010, nchi hii imekubali kwamba kubeba abiria kwa malipo juu ya magurudumu mawili ni biashara inayosimamiwa, na LATRA, iliyorithi kazi hiyo mwaka 2019 kutoka SUMATRA, mamlaka iliyosimamia usafiri kabla yake, ina mahali pa kuanzia. Itungwe karatasi moja ya mkataba wa mfano, kwa Kiswahili kinachoeleweka na kijana wa darasa la saba, ipatikane bure katika kila ofisi ya mtaa, na pikipiki ya biashara inayoendeshwa na mtu asiye mwenyewe isipewe leseni bila karatasi hiyo kuambatanishwa. Ndani yake mwenye chombo athibitishe kwamba ameiona leseni ya udereva, na kwamba anakabidhi pikipiki yenye breki, taa na vioo vya pembeni pamoja na kofia ngumu mbili. Iwepo siku moja kwa wiki isiyo na hesabu. Siku ambazo chombo kimezuiliwa kwa kosa la chombo chenyewe, kama vile taa mbovu au tairi lililokwisha, ziwe hasara ya mwenye chombo. Zile za kosa la mwendeshaji, kama kupita taa nyekundu, zibaki kuwa zake. Sehemu ndogo ya hesabu ikatwe kwa ajili ya bima ya ajali ya mwendeshaji mwenyewe. Deiwaka akiwapo, jina lake na leseni yake viandikwe. Na anapokamatwa mtu asiye na leseni, wito uende pia kwa yule ambaye jina lake liko kwenye kadi ya pikipiki.

Mtaambiwa kwamba masharti haya yatawakimbiza wawekezaji. Tusidanganywe na neno tajiri. Wengi wa niliowaona mezani walikuwa walimu, wauguzi, wastaafu waliopata kiinua mgongo, mama lishe waliotoka kuvunja kikoba, na watu wachache wenye sare ambao sitaitaja kazi yao. Pikipiki ndiyo akiba yao, na hata wao hulia ikivunjika. Ndiyo maana siombi wabanwe kwa ghadhabu. Naomba waongozwe, kwa sababu wengi wao wanaandika kile walichokiona kwenye mkataba wa jirani na hawajawahi kuambiwa kwamba kuna namna nyingine. Chombo kinachorudisha fedha zake ndani ya mwaka mmoja na ushee kinaweza kubeba gharama ya kofia mbili na bima, na hata kama muda wa mkataba utasogea mbele kwa mwezi mmoja au miwili, kijana atakayefika mwisho akiwa na miguu yote miwili hatalalamika. Ipo hatari moja ya kweli ambayo sipendi kuificha: urasimu ukiwa mzito, watu wataandikishana pembeni, mtaa usijue, na tutapoteza hata kile kidogo tunachokiona sasa. Kwa hiyo karatasi iwe moja, isilipiwe, na shughuli imalizike siku hiyohiyo.

Wakurugenzi wa halmashauri, ninyi mna nguvu nyingine ambayo sioni ikitumika ipasavyo. Kisheria, asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa 4, 4 na 2. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024, na pikipiki ni miongoni mwa miradi ambayo vikundi vya vijana huiombea fedha. Hapo tajiri ni umma, na masharti ya umma hayapaswi kufanana na ya mtu anayehofia akiba yake. Halmashauri inaweza kuamua kwamba kikundi hakichukui hata pikipiki moja kabla ya wanachama wake kupata mafunzo na leseni, kwamba kofia na bima vimo ndani ya bei ya mkopo, na kwamba marejesho ni ya mwezi badala ya siku, ili mvua ya masika ya siku tatu isigeuke kuwa deni. Ikifanya hivyo kwa pikipiki chache tu katika kila kata, vijana watakuwa na kitu cha kulinganisha watakapokaa mezani na tajiri wa kawaida. Ningependa wanasiasa wetu wanaogawa pikipiki uchaguzi unapokaribia nao wafuate utaratibu huohuo. Picha hupigwa pikipiki zikiwa zimefungwa riboni kwenye usukani; kofia sijaziona kwenye picha.

Nizungumzie kofia kwa urefu kidogo, maana ushahidi wake ni mwingi na utekelezaji wetu ni wa nusunusu. Mapitio ya tafiti ambayo Shirika la Afya Duniani huyategemea yameonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa ajalini kwa takribani asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa takribani asilimia 69. Vietnam, nchi ambayo familia nzima husafiri kwa pikipiki, ilianza kuwalazimisha waendeshaji na abiria wote kuvaa kofia tarehe 15 Desemba 2007, na katika muda mfupi wavaaji walipita asilimia 90. Wavietnam walikuja kukutana na tatizo la pili ambalo sisi tunalo tayari, nalo ni kofia nyepesi za bei rahisi zinazomridhisha askari na hazilindi kichwa. Kofia za aina hiyo zinauzwa wazi Kariakoo na kando ya barabara: ganda la plastiki linalobonyea kwa kidole, sponji laini mahali panapotakiwa povu gumu la kunyonya pigo, na mkanda ambao kifungo chake kinaachia ukiuvuta kidogo. Mwendeshaji anaivaa, wakati mwingine bila kuifunga, trafiki anaangalia kama ipo, na wote wawili wanaachana kwa amani. Kukagua ubora wa kofia kichwani mwa kijana ni kuchelewa. Shirika la Viwango Tanzania liukague bandarini na madukani, na kofia isiyofaa iondolewe sokoni kabla haijanunuliwa na mtu ambaye hana namna ya kuijua.

Abiria nao wana sababu zao za kukataa kofia, na ni bora sababu hizo zikajibiwa kuliko kudharauliwa. Kofia moja inapita vichwa vya watu wengi kwa siku katika joto la jiji hili. Watu wanaogopa fangasi na mba, na wanawake waliosuka au waliovaa hijabu wanaona haikai. Kitambaa chepesi cha kuvaa ndani, kinachofuliwa au kutupwa, kinaondoa sehemu kubwa ya hofu hiyo kwa gharama ndogo, na kofia za ukubwa tofauti kijiweni zinaondoa nyingine. Kigali abiria hukabidhiwa kofia kabla ya kupanda, naye huivaa, na hupanda mmoja tu. Watu wa Kigali hawana nywele tofauti na zetu.

Kuna jambo dogo linalohusu zaidi wanawake, ambalo sijalisikia likitajwa katika wiki yoyote ya nenda kwa usalama. Dada na mama zetu wengi hukaa upande kwa sababu ya sketi, khanga au baibui, hawana pa kushika vizuri, na nguo ikiingia kwenye spoku au mnyororo huwavuta chini wakiwa kwenye mwendo. Wasionaswa nguo huungua mashavu ya miguu kwa ekzosi. India, ambako wanawake huvaa sari, kanuni zinataka pikipiki ziwe na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma, pamoja na mahali pa abiria kushika na kukanyaga. Pikipiki nyingi tunazopanda zinatoka hukohuko India. Tunaweza kudai kinga hiyo iwe sharti la pikipiki yoyote inayosajiliwa kubeba abiria, na nadhani ni moja ya hatua nafuu kuliko zote nilizozitaja.

Kuhusu barabara nitakuwa mkali pande zote mbili. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na wengi wao wanaishi ndani kabisa ya mitaa ambayo daladala haifiki na bajaji inafika kwa shida. Bodaboda amejaza pengo hilo, na kila kituo kipya cha basi kinampatia kijiwe kipya. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, njia yao maalumu katikati ya Barabara ya Morogoro iligeuka kuwa kishawishi kikubwa kwa kila mwenye pikipiki aliyekwama kwenye foleni. Mtembea kwa miguu anayevuka anatazama upande ambao basi hutokea. Pikipiki inamgonga kutoka upande wa pili. Kwa kosa hilo sina utetezi, na mkifunga kamera na kuwatoza waendeshaji pamoja na magari yenye vioo vya giza na ving'ora visivyo na kazi yanayopita humohumo, nitaunga mkono.

Lakini nendeni Barabara ya Mandela. Malori ya makontena yanatoka bandarini kuelekea Ubungo, na katikati yake kuna maelfu ya pikipiki zisizo na mahali palipotengwa kwa ajili yake. Mwendeshaji anajibana ubavuni mwa lori upande wa kushoto, ambako dereva aliyekaa kulia hamwoni vizuri, na lori likikata kona kuingia kituo cha mafuta au yadi, gurudumu la nyuma la tela linambana. Malaysia ilianza kutenga njia za pikipiki pembezoni mwa barabara kuu karibu na Kuala Lumpur tangu miaka ya 1970, na watafiti wake waliona ajali za pikipiki zikipungua kwa zaidi ya theluthi moja kwenye sehemu hizo. Siombi njia hizo kila mahali, kwa sababu najua upana wa barabara zetu na najua fidia ni nini. Naomba Wakala wa Barabara (TANROADS) waziweke kwenye michoro ya barabara zinazopanuliwa sasa, zikianzia zile za malori, na kwenye makutano yenye taa wachore eneo la pikipiki mbele ya mstari wa magari, kama wanavyofanya Taiwan, ili taa ikiwaka kijani pikipiki zitangulie badala ya kubanana ubavuni mwa magari. Hiyo ni kazi ya rangi na askari wa wiki chache.

Amri za kuzuia bodaboda wasiingie katikati ya jiji zimetolewa na kulegezwa mara kadhaa, na sidhani zitawahi kudumu, kwa kuwa mfanyakazi anayechelewa Posta atapanda tu chochote kinachopita. Zikitolewa tena, zisemwe saa zake, mipaka yake na mahali pa kushushia abiria, na alama za barabarani ziwekwe kwanza. Amri ambayo mwendeshaji anaisikia redioni asubuhi na kukamatiwa mchana ni mtego.

Kwa viongozi wa vyama vya waendesha pikipiki, ambao najua mtaisoma barua hii, nina neno moja lisilopendeza. Mshikamano wenu ni mzuri mnapochangishana kumzika mwenzenu au kumlipia hospitali. Ni aibu mnapozingira gari lililogongana na pikipiki, mkampiga dereva kabla ya mtu yeyote kujua nani alikuwa na kosa, na majeruhi mwenyewe akabaki chini akivuja damu. Kila kijiwe kina mwenyekiti na daftari. Mwenyekiti huyo afundishwe huduma ya kwanza: asimnyanyue aliyeumia mgongo kwa kumshika mikono na miguu, asimvue kofia kwa nguvu, azuie damu kwa kitambaa safi na kupiga simu. Wenzake kijiweni ndio mara nyingi wanaomfikia majeruhi kabla ya mtu mwingine yeyote, na kwa sasa wanamfikia wakiwa na hasira tu.

Majeruhi akishafika hospitali, Serikali imekwisha kusema kwamba ahudumiwe kwanza na fomu ya PF3, ile ya polisi kwa ajili ya matibabu ya majeruhi, ifuate. Bado ndugu wa majeruhi wanahangaika usiku kati ya kituo cha polisi na mapokezi, ama kwa kutojua, ama kwa kuwa aliye zamu hajui. Tangazo la wazi kwenye mlango wa kila kitengo cha dharura lingetosha. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba taarifa za polisi zinahesabu ajali, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili inapokea waliovunjika, lakini mwananchi wa kawaida hapati mahali pa kuona taarifa hizo mbili zikiwa zimeunganishwa: ajali ilitokea barabara ipi, saa ngapi, mwendeshaji alikuwa na leseni au la, kofia ilikuwepo au la, na pikipiki ilikuwa ya nani. Swali hilo la mwisho ningelitia wino mwekundu. Tukijua ni ajali ngapi zinahusu pikipiki za hesabu, ngapi za mkataba, na ngapi za mwendeshaji anayemiliki chombo chake, tutajua pia kama ninayoyasema hapa ni kweli kwa kiwango ninachokidhani. Mimi nimeona karatasi za mtaa mmoja. Ninyi mnaweza kuona za jiji zima.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na kabla ya hapo halmashauri hupanga masharti ya mikopo na LATRA hupanga ratiba za ukaguzi. Ninaomba rasimu ya mkataba wa mfano ibandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za mitaa mapema, ili wenye pikipiki na vijana waisome, waibishie na kuirekebisha. Ninazo nakala za mikataba ya namna niliyoieleza, majina yakiwa yamefutwa, na niko tayari kuzileta katika ofisi yoyote kati ya zenu itakayozihitaji.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Temeke,
aliyekuwa mjumbe wa serikali ya mtaa